Kwa Aliyeuliza Bei

Umetoka Keko na daftari jipya,
umekalia ndoo iliyopinduliwa,
ukaniuliza nauzaje.
Kunywa chai kwanza. Tangawizi nimezidisha.

Hapa Vingunguti tulikuwa wapangaji tisa, luku moja.
Uniti zikiisha usiku, matusi ndiyo yanayowaka.
Mama Nyamizi ana friji la barafu za kuuza,
Mwakitalima hupiga pasi kila alfajiri
kama mtu aliyeitwa Ikulu,
mimi na cherehani yangu ya mota,
na Bi Siwema, mwenye taa moja,
analipa sawa na sisi.
Mwenye nyumba yuko Mkuranga. Ukimpigia anasema:
malizaneni.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilisimama.
Majibu yote nilikuwa nayo kwenye karatasi,
nikayasoma, wakaitika ndiyo, ndiyo, wakaenda kulala,
na kesho yake friji likachomolewa
na mtu asiyejulikana hadi leo.

Jumapili iliyofuata nilikaa chini.
Mikeka mitatu uani, watu wamezunguka;
duara halina mbele, hakuna wa kuwahi kiti.
Nikauliza swali moja, nikafunga mdomo.

Dada, kazi yenyewe ndiyo hiyo.
Kimya kile kilikuwa gunia la mkaa kichwani.
Bomba la jirani linadondoka, tone, tone.
Ulimi uliniwasha, nikauma pindo la kanga.
Hesabu hadi ishirini. Kisha hesabu tena.

Ndipo Bi Siwema,
ambaye kwa miaka minne tulimjua kwa kikohozi tu,
akachukua mwiko juu ya sufuria ya uji,
akaushika kama anayetaka kusonga,
akasema:
“Mimi taa yangu nazima saa tatu.
Elfu saba yangu inagandisha barafu ya nani?”

Tangu siku ile mwenye mwiko ndiye mwenye neno,
na kumkatiza ni mwiko.
Hatukuyapanga hayo. Lugha ilitupangia.

Haya, andika.
Mambo ya kuzungumzwa yaandikwe palepale, kwa chaki, ukutani,
na yeyote mwenye jambo.
Asiyejua kuandika achore:
Mwakitalima alijichora na pasi yake, tai hadi magotini,
tukacheka mpaka Mama Nyamizi akasahau alichokuja kukasirikia.
Msemaji sana mpe kazi ya kushika kumbukumbu.
Watoto wapite katikati, usiwafukuze.
Na msiinuke kabla hamjataja jina na siku:
nani atafanya, lini.
Bila hivyo mtakuwa mmepunga upepo tu.

Mengine sijui. Usiandike kwamba najua.
Mwezi wa tatu Hamduni alirusha mwiko, ukampata kuku.
Kikao kikavunjika, nikaenda kuchemsha chai.
Sijui hata sasa kama ile ilikuwa busara au woga.

Unarudi kwenye bei.
Mimi nilimtazama mama mmoja wa upatu, Buguruni,
alivyosogea mkekani kumpa nafasi aliyechelewa
bila kukatisha maneno ya aliyekuwa akisema.
Sikumlipa. Yeye naye sijui alimtazama nani.
Nikikutoza, nitakuwa nauza uniti
za luku isiyo yangu.

Chukua. Toa kopi, mpe na wa Chang'ombe.
Geuza utakavyo: kama kwenu mwiko hauna adabu,
shikeni kufuli, shikeni kandambili.
Mkipata njia bora kuliko hii
rudi, nami nitakuja na daftari.

Ila usinialike kikao chenu cha kwanza.
Nikija watanitazama mimi,
na wewe utanitazama mimi,
na yule wenu wa kikohozi ataendelea kukohoa.

Mwiko huu siwezi kukupa, una uji.
Wa kwenu utaukuta kwenu.